Eulalia Bracamonte na Bustani ya Mtaa wa Mirto

Padre Celestino, wazee wetu, ndugu na jamaa mliotoka Cobre Hondo na mliovuka mpaka kutoka Sonora, majirani wa Mtaa wa Mirto, wapishi wenzake wa shuleni, na wewe Bwana Hendershot wa ofisi ya mji uliyekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, poleni na msiba, na asanteni kwa kufika. Jina langu ni Ofelia, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu. Nimeambiwa nisome kwa sauti ya upole kama ilivyo desturi. Nitajaribu, lakini siahidi, maana keshokutwa Jumatatu, tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, mashine ya mji imepangiwa kuja kuifyeka bustani yake mpaka ibaki udongo mtupu, na mwanamke tunayemzika leo hakuwahi hata siku moja kulizungumzia jambo hilo kwa upole.

Marehemu Eulalia Yescas Bojórquez alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, katika mji wa machimbo ya shaba wa Cobre Hondo, hapa Arizona, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Anselmo Yescas, mchimbaji, na Bi Trinidad Bojórquez, aliyekuwa akifua nguo za watu. Nyumba kumi na mbili za upande wao wa mji zilikuwa na bomba moja, lililofunguliwa saa mbili tu kwa siku, kwa hiyo Eulalia alijifunza maji kabla ya kujifunza kusoma, kwamba maji yaleyale huosha uso, kisha yakaosha vyombo, kisha yakaenda kwenye vitunguu, na mtoto aliyemwaga kikombe uani bila kulenga mmea alipigwa kofi la kisogo na bibi yake, marehemu Nana Chona. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kwamba nchi hii ina misimu miwili ya kupanda, wala si mmoja kama wanavyodhani watu wa kaskazini. Oktoba hupandwa njegere, bakla, figili, giligilani, vitunguu na saumu, vikala baridi ya jangwani na mvua zake nyepesi, na baada ya siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 Juni, hupandwa maharage madogo ya jangwani, maboga, mahindi na matikiti, vikala mvua kubwa za radi. Katikati hapo, Mei yote na sehemu kubwa ya Juni, ardhi huachwa ipumzike, kwa sababu jua la miezi hiyo halina simile na mtu.

Alianza masomo mwezi Septemba 1950 katika shule ya watoto wa Kimeksiko, maana shule ya watoto wa wakubwa wa mgodi ilikuwa ng'ambo ya reli, na huko kwao mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alisuguliwa ulimi kwa sabuni. Mama alisuguliwa mara nne, na alikuwa akizitaja kwa majivuno kama mtu anayetaja vyeti vyake. Mwezi Mei 1953, akiwa na miaka tisa, mwalimu wao mgeni kutoka nchi za theluji aligawa mbegu za maharage wazipande kwenye makopo, kwa kuwa pakiti ilisema Mei. Eulalia alisimama akasema, "Mwalimu, si wakati wake," akaamriwa kusimama pembeni akitazama ukuta mpaka kengele. Makopo ya wenzake yalikauka yote kabla shule haijafungwa, lakini yeye mbegu zake alikuwa amezitia mfukoni, akazipanda Julai baada ya mvua ya kwanza, na siku shule ilipofunguliwa Septemba aliweka fungu la maganda mabichi juu ya meza ya mwalimu akasema, "Haya ndiyo yale ya Mei." Mwalimu, Mungu amrehemu popote alipo, alicheka mpaka akavua miwani, akayapeleka nyumbani akayapika. Mama alihitimu darasa la nane mwezi Mei 1958, na hakuendelea, kwa sababu vumbi la mgodi lilikuwa limeshaharibu kifua cha baba yake, ambaye alifariki mwaka huohuo.

Mwaka 1959 Bi Trinidad alihamia hapa Piedra Sola pamoja na watoto wake, katika nyumba nambari 418 ya Mtaa wa Mirto, ambayo wengi wenu mnaifahamu, na Eulalia akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya mjini kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Kisha aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya msingi ya mtaa wetu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja, kuanzia Januari 1967 hadi alipostaafu Juni 1998, na wengi wenu mlio humu ndani mmekula kwa mkono wake, msijifanye wageni. Kila jioni alitoka jikoni akisukuma kigari chenye ndoo mbili za maji yaliyooshewa mboga, na mkuu wa shule mmoja mpya alipomkataza, eti anatoa mali ya shule, Mama alimwambia, "Bwana mkubwa, nionyeshe kitabu kinachosema maji ya kuoshea karoti ni mali, nami nitakuachia ndoo zote mbili." Kitabu hicho hakikupatikana. Wapishi wenzake wa zamani wanacheka hapo mbele, wanamkumbuka.

Kuhusu ndoa, ni vizuri ijulikane kwamba marehemu aliolewa kwa sababu ya mita ya maji. Mwezi Julai 1964, kijana mmoja msoma mita wa mji, Refugio Bracamonte, aliyeitwa na wote Cuco, aliona kwamba nyumba nambari 418 ina watu wanane na bustani ya kijani iliyojaa mbele na nyuma, na hata hivyo inatumia maji kidogo kuliko nyumba ya mjane anayeishi na paka wake. Alibisha hodi akasema, "Mama, mita yenu imekufa." Msichana aliyetokea nyuma ya Bi Trinidad akamjibu, "Mita haijafa, wewe ndiye hujui kusoma." Cuco akabadilisha mita. Mwezi uliofuata mita mpya ikasema yaleyale, akaja kuibadilisha tena, na mara ya tatu alikuja na sepetu, akiwa na hakika kwamba watu hawa wamechepusha bomba chini kwa chini. Eulalia akamwambia achimbe, lakini akikuta hakuna wizi, atafukia mwenyewe na kupiga magoti kuomba radhi mbele ya mama yake.

Alichokuta Cuco ni mitungi. Mitungi ya udongo, isiyong'arishwa wala kupakwa kitu, iliyozikwa mpaka shingoni na kufunikwa kwa jiwe bapa, kila mmoja umejazwa maji, na maji hayo hupenya ukutani polepole jinsi udongo unavyoyahitaji, hayapandi juu yakanyonywa na jua, na mizizi ya maboga na maharage imeukumbatia mtungi pande zote. Juu ya ardhi kulikuwa na vibonde vya kukusanyia mvua inayoshuka kutoka paani, na matandazo ya majani makavu, na kuzunguka bustani mimea ya asili ya jangwani isiyohitaji kumwagiliwa na mtu, mchicha mwitu, mpungate wenye miiba, kichaka cha zambarau kilichoita nyuki kwenye maboga. Inasemekana Cuco alikaa chini kwenye vumbi na sare yake ya mji, akasema, "Kumbe mimea mnainywesha kama mtoto mchanga," na Eulalia akamjibu, "Wewe je, kwenu mlikuwa mnamnywesha mtoto kwa kumtupa mtoni?" Alifukia shimo, akapiga magoti kama walivyopatana, na akiwa bado chini akauliza kama Jumapili anaweza kuja bila sepetu. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1965, katika kanisa hili hili, na mwaka huo Cuco alipanda karibu na geti kichaka cha pilipili mwitu, zile ndogo kama punje za mtama, ambacho aliomba kisikatwe kamwe. Waliishi pamoja miaka thelathini na minane, mpaka Cuco alipofariki tarehe 8 Novemba 2003.

Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 3 Machi 1966, na mdogo wangu Rosendo aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1970, na wajukuu watano. Rosendo ameniruhusu nisome sehemu inayofuata, na amesema nisiipunguze. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikuwa akiionea haya nyumba yetu, kwa kuwa rafiki zake wote wa mtaa wa juu walikuwa na ukoka uliokatwa vizuri, akamwuliza Mama mezani, "Kwa nini na sisi tusiwe na nyasi kama watu?" Mama aliweka kijiko chini, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya pazia, akasema, "Nyasi? Kwani kuna ng'ombe humu ndani nisiyemjua?" Baadaye Rosendo alikwenda Phoenix, akafungua kazi ya kujenga mabwawa ya kuogelea, na Mama, aliyempenda kuliko nafsi yake, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe ni mtu mwenye mafanikio makubwa, anauza maji ya kukalia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 2009, Mama akiwa zahanati kupimwa macho, gari la mji lilisimama nambari 418, wakashuka watu wawili na mashine, na kwa muda wa dakika arobaini wakafyeka kila kilichozidi inchi kumi, kipimo cha mji cha magugu, mbele ya nyumba. Walifyeka mchicha, walifyeka vichaka vya asili, walifyeka maharage yaliyokuwa yamepanda juu ya mahindi pamoja na mahindi yenyewe, na walifyeka mpaka chini kichaka cha pilipili cha marehemu baba yetu. Mlangoni waliacha karatasi iliyosema magugu yameondolewa kwa usafi wa mji, imesainiwa na mkaguzi mpya, Bwana Hendershot. Nilifika jioni ile nikamkuta Mama amekaa kwenye kizingiti, na mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa akichambua majani ya mchicha uliofyekwa, akiyatia kwenye bakuli, na alichosema ni, "Acha kulia, utayatia chumvi kabla sijayapika."

Aliona uchungu, msidhani hakuona. Kile kisiki cha pilipili alikifunika kwa gunia kama mtu anayefunika mgonjwa. Lakini mchicha, kama mnavyoujua, hauna adabu, uliota upya kutoka kwenye visiki vilevile, na Jumatatu tarehe 14 Septemba Mama aliuchuma, akaupika na maharage na kitunguu, akafunga mikate ya tortila kwenye kitambaa, akaingia kwenye kikao cha baraza la mji na sufuria mikononi, akasema ni ajuza aliyestaafu upishi na amezoea kulisha watu wanaofanya kazi. Waheshimiwa walikula. Mwenyekiti aliongeza mara mbili, akauliza mboga hii tamu inaitwaje na inauzwa duka gani. Mama akamjibu, "Inaitwa magugu, mheshimiwa. Ilizidi inchi kumi, mkaifyeka."

Kikao kile kilikwenda saa tatu zaidi ya ratiba yake. Baraza lilikubali upesi kwamba kiwanja chenye mazao ya chakula kisiguswe mpaka mavuno, pamoja na mimea ya asili inayokizunguka, lakini diwani mmoja alitaka ihesabiwe mimea inayoonekana tu, na Mama hakukubali, alitaka na mbegu iliyomo ardhini ihesabiwe. Diwani akauliza, "Sasa mbegu tutaionaje, mama?" Naye akajibu, "Chimba. Ukiiona, omba radhi uifukie, kuna mwanamume mwenzako aliwahi kufanya hivyo na hakufa." Aliwashinda kwa kuwachosha. Sheria ikaandikwa kama alivyotaka, mche au mbegu, kama itakavyokutwa ardhini siku ya kufyeka, mradi mwenye nyumba au mwanawe anaishi humo. Kwa miaka kumi na mitano baada ya hapo hakuacha ardhi yake tupu hata siku moja, hata ile Mei na Juni ya kupumzika, alikuwa akibakiza makusudi safu moja ya saumu bila kuing'oa, na kila mwezi Mei Bwana Hendershot alipopita na kamera yake alimwita getini, "Karibu, baba, saumu ziko pale, zihesabu." Naye alizihesabu, tumpe haki yake. Na kisiki cha pilipili kilichipua mwaka wa tatu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza marehemu mwezi Machi mwaka huu wa 2024. Alilazwa tarehe 6 Machi, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 9 Mei, na hakurudi nyumbani. Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Mei, Rosendo alikuja kutoka Phoenix akiwa na majonzi na mikono isiyo na kazi, na kwa kutaka kumfurahisha mama yake akasafisha bustani. Aling'oa ile safu ya saumu, akaisuka mafundo mazuri kabisa na kuyatundika barazani, akapiga reki mpaka ardhi ikawa laini kama kitanda kilichotandikwa. Hakuwa anajua. Tarehe 4 Juni Bwana Hendershot alipiga picha ya ardhi tupu, na tarehe 10 ikaja barua kwamba kiwanja hakina zao, kwa hiyo hakilindwi, na vichaka vyake vyote, na kile cha pilipili kikiwemo, vitafyekwa tarehe 1 Julai.

Rosendo alikwenda hospitali kuungama. Mimi nilikuwapo, nilimwona mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu ameshika kofia kama mtoto aliyevunja dirisha la watu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, wakati huo ilikuwa ikimpa taabu, akasema, "Umefanya usafi, mwanangu. Sasa chafua tena." Tukamwambia tutapanda kesho yake, na hapo alikasirika kweli, akajiinua kwenye mto, akasema hatutapanda kwa kuogopa barua, jua la Juni litazichemsha mbegu ardhini na tutabaki hatuna zao wala mbegu, zitapandwa siku yake, tarehe 24, mvua iwe imekuja au haijaja, na ikiwa haijaja, jazeni mitungi. Akamshika Rosendo mkono akamhesabia mitungi yote arobaini na minne, mmoja mmoja, mahali ulipozikwa, na alipokosea alirudi kuanzia getini. Alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 23 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, sisi wawili tukiwa kando yake.

Sasa, najua mmeyasikia maneno, kwa hiyo niyaseme mimi mwenyewe mbele ya jeneza lake. Ni kweli kwamba Jumatatu tarehe 24, mama yetu akiwa hajatimiza hata siku mbili mochwari, wakati nyumba ya msiba inatakiwa ikae, isali rozari na isipokee jembe, mimi na Rosendo tulionekana uani tukilima. Ni kweli wapo waliopita nje wakatingisha vichwa wakasema watoto wa Lala, ndivyo walivyomwita Mama, hawana haya, hawawezi hata kungoja mama yao aingie kaburini wagawane kiwanja. Mama mdogo Obdulia, mdogo wake marehemu wa mwisho, alikuja mbio na shela yake nyeusi, akashika uzio kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Dada yangu yuko mochwari nanyi mnapiga jembe! Mmelaaniwa?" Rosendo alikuwa amepiga magoti, amelowa jasho mpaka mshipini, akasema, "Mama mdogo, alisema tarehe ishirini na nne." Mama mdogo akaachia uzio. Alitazama mitungi iliyofunuliwa, akatazama mbegu za maharage kiganjani mwa Rosendo. Akauliza, "Mbegu mmeziloweka?" Tukasema hapana. "Loo! Hamjui kitu nyie, hamjui kitu kabisa, pisheni hapo," akavua viatu vya msiba, akaingia.

Aliziloweka mpaka jioni, jua lilipopoa tukarudi, na kufikia jua kuzama mbegu zote zilikuwa ardhini, tatu tatu kuzunguka kila mtungi, umbali wa kiganja kutoka shingoni, na majani makavu juu yake. Mvua haijaja mpaka leo, mnaliona jua lenyewe. Tumejaza mitungi kila baada ya siku mbili kwa maji ya kuoshea vyombo vya msiba, vyombo vyenu nyinyi mliokuja kutupa pole, kwa hiyo kila aliyekula kwetu wiki hii ameshiriki, apende asipende. Na leo alfajiri, kabla ya kuvaa hizi nguo nyeusi, tulipita mstari kwa mstari na tochi, Rosendo akitangulia. Alisimama kwenye mtungi wa saba kuanzia getini, akaniita kwa mkono. Yametoka. Yamepinda shingo, yamebeba udongo kichwani, tumehesabu sitini na moja.

Bwana Hendershot, wewe ni mtu wa kuandika, andika hilo, maharage sitini na moja, na usiku wa leo yataongezeka. Andika pia kwamba Rosendo Bracamonte, mwana wa marehemu, amefunga biashara yake Phoenix, kitanda chake kimeshushwa jana nambari 418, na jina lake liko kwenye sanduku la barua. Sheria ni ileile, Mama aliwaandikisha nyinyi wenyewe, nakala ninayo hapa ndani ya kitabu cha nyimbo, na atakayetaka kuiona nitamwonyesha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi mitatu, na hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kuinuliwa sauti kwa kosa la kumwaga nusu glasi ya maji kwenye sinki. Tunawashukuru majirani wa Mtaa wa Mirto walioleta maharage, nyama na viti, pamoja na wale waliotingisha vichwa, maana hata wao walirudi baadaye na ndoo. Tunawashukuru wapishi wenzake, walimu, kwaya, Padre Celestino, na Mama mdogo Obdulia ambaye bado anatuambia hatujui kitu. Tunakushukuru na wewe, Bwana Hendershot, kwa kufika, kwani kwa miaka kumi na mitano hakuna mtu aliyezitazama saumu zake kwa makini kama wewe, na Mama alikuwa akikubakizia fungu kila mwaka, ingawa hukuwahi kuingia ndani kulichukua. La mwaka huu liko barazani.

Kutoka makaburini hatuendi ukumbini, tunarudi wote Mtaa wa Mirto, chakula kipo, na atakayekula ajaze mtungi mmoja kwanza. Mama, kazi uliyotupa tumeifanya siku uliyoitaka. Pumzika kwa amani yako yote, usishtuke wala usiamke. Jumatatu saa mbili kasoro sisi tutakuwa tumeshasimama getini.